Koliflawa Haimngoji Mtu

Mama yangu amelima koliflawa shambani kwetu Ndabibi tangu nikiwa msichana wa shule, na miaka hiyo yote hakuwahi kuitia mdomoni. Mabroka, wale wa kununua na kuuza tena, walikuja na pikapu, wakabeba vile vichwa vyeupe kupeleka hotelini, majani tukawapa ng'ombe, sisi jioni tukala githeri, mahindi na maharagwe. Ukimuuliza mbona hatuionji hata mara moja, alikujibu kwamba hiyo ni mboga ya kuuza. Basi, maneno yakaishia hapo.

Kwa hivyo siku niliyomwambia kwamba badala ya wali atakuwa anakula koliflawa iliyokwaruzwa mpaka ikafanana na mchele, alinigeuzia sikio kwanza. Kisha akaniuliza kama ni daktari amesema ama ni mimi nimeamua. Nikamwambia daktari amesema tupunguze mchele, hiyo nyingine nimeamua mimi. Akasema alijua tu.

Nilikuwa nimemtoa shamba nikamleta kwangu mjini, mtaa wa Section 58, kwa sababu ya macho. Mtoto wa jicho alikuwa ameziba pande zote mbili. Alikuwa akijimiminia chai akiwa ameingiza kidole kwenye kikombe ili ajue imefika wapi. Akiungua anasema hajaungua. Ndani ya nyumba alitembea akipapasa ukuta, na kitu kilichomkera kuliko vyote ni kushikwa mkono kupelekwa choo. Huyu ni mwanamke aliyebaki na shamba peke yake baba alipofariki, akalima, akasomesha, akajenga. Sasa anauliza kama mlango uko kushoto ama kulia, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuijua. Sauti hiyo ilinitia uchungu mpaka nikawa namjibu kwa ukali, ili nisilie mbele yake.

Upasuaji wenyewe, tuliambiwa, si wa kuogopa. Shida ilikuwa sukari. Tulipoenda mara ya kwanza ilikuwa juu na daktari akakataa kumgusa. Tukarudi tena, bado iko juu, akakataa tena. Alisema akimpasua hivyo kidonda kinaweza kukataa kupona, na jicho likaharibika kabisa. Dawa mama alikuwa anameza sawasawa. Kilichotushinda ni sahani. Daktari akatupa tarehe nyingine, na alipokuwa akisema juu ya mchele hakumwangalia mama, aliniangalia mimi.

Sasa, usimlaumu mama haraka. Wakati tulipokuwa watoto mchele ulikuwa wa Krismasi. Mama alikaa nje na sinia akitoa mawe, sisi tumemzunguka, na hata yale mawe yalikuwa na utamu fulani kwa sababu yalitoka ndani ya mchele. Maisha yalipokuja kunyooka, wali ukawa wa kila siku, na kwake hiyo ndiyo ilikuwa dalili kwamba ameshinda. Aliniambia hivi: "Nimekula githeri mpaka nikazeeka nayo. Sasa nimefika mahali pa kula mchele, ndio mnaninyang'anya."

Nilimwelewa na ikaniuma. Lakini mimi nikiamua nimeamua. Ndugu yangu husema nina kichwa cha punda, nami humwambia aangalie vizuri tumbo lililotuzaa.

Huyo ndugu yangu ana duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa Rhonda, na anampenda mama, sitamnyima haki yake. Kila Jumapili baada ya ibada alikuja na mfuko wa pishori, ule mchele unaonukia hata kabla haujaguswa na maji. Alikuwa anauweka mezani mbele ya mama na mama anaupapasa, anatabasamu. Nikimwambia sukari, ananiambia mama ni mzee, wacha akule anachotaka, kwani tunamwekea nini? Siku moja akanivuta kando jikoni akanishauri kwamba kama ni lazima nimpikie hiyo koliflawa, basi nimchanganyie tu na wali kisha ninyamaze. Si haoni?

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira kweli. Nilimwambia mtu ambaye haoni, kitu cha mwisho unachoweza kumwachia ni kujua anachotia mdomoni. Sitamfanyia mama ujanja wa kumlisha gizani. Ataila akijua ni koliflawa, ama hataila.

Basi nikaanza, na nilianza vibaya.

Kwanza nilitumia kisu. Nilikatakata kwenye ubao mpaka mkono ukafa ganzi, nikapika, nikampakulia. Mama alitafuna kidogo, akatoa kipande kimoja kwa vidole akakiweka ukingoni mwa sahani. Akasema hiyo ni kokoto, nimpelekee ndugu yangu auze. Kesho yake nikatoa blenda, na kwa akili zangu nikatia maji kama mtu anayetengeneza juisi ya maembe. Ikawa uji. Uji huo niliunywa mimi na chumvi, kwa sababu sijalelewa kutupa chakula, na sitaki kuukumbuka. Kisha nikajaribu kinu, nikatwanga, ikawa mukimo wa kupondwa, mweupe, usio na viazi wala sababu. Mama alikuwa ananisikia nikitwanga, akauliza kutoka sebuleni kama tuna harusi.

Nilikuwa nanunua zile koliflawa sokoni kwa kijana mmoja ambaye alishaanza kunizoea. Aliponiona tena akaniuliza, "Mathe, kwani umefungua hoteli?" Nikamwambia ndiyo, na ina mteja mmoja mbaya sana.

Kitu kilichofanya kazi kilikuwa kwenye droo muda wote. Greta. Ile ya kawaida ya bati yenye pande nne, ya kukwaruzia karoti, ambayo karibu kila nyumba inayo na imeanza kushika kutu kwenye mshikio. Upande wa matundu makubwa. Nilishika kichwa kwa shina, nikakwaruza, na chembe zikaanza kuanguka, nyeupe, ndogo, kama mchele uliovunjika mashineni. Nusu yake iliruka ikaenda sakafuni. Lakini nilisimama nikaiangalia ile nyingine nikasema, haya, sasa tunaongea.

Mengine nilijifunza kwa kukosea. Greta isimame ndani ya beseni, na chini yake uweke kitambaa chenye unyevu ili isiteleze. Koliflawa ioshwe ikiwa nzima, halafu ikauke kabisa kabla hujaikwaruza, kwa sababu ukija kuosha zile chembe umerudi kwenye uji. Shina lisitupwe, limenywe na likwaruzwe pia, ndilo lenye utamu. Ukimaliza, funga yote ndani ya leso safi ya pamba uikamue kwa nguvu zako zote, kama unayekamua nguo mvua inakaribia. Utashangaa maji yanayotoka. Kisha karai pana, moto mkali, mafuta kidogo, kitunguu kwanza, ndipo uimwage na uikoroge kwa mwiko bila kuondoka hapo. Chumvi mwisho kabisa, na kifuniko usikiguse.

Siku nilipopata hiyo, nilimpelekea mama sahani na mchuzi wa maharagwe pembeni, nikasimama mlangoni. Alikula polepole. Alimaliza. Akafuta mdomo akasema, "Inalika."

Wewe ambaye humjui mama yangu utaona hilo ni neno dogo. Mimi niliingia chumbani nikafunga mlango nikacheza.

Tukaenda hivyo kwa muda, sukari ikaanza kushuka kidogo kidogo kila nikimdunga kidole asubuhi. Kisha wakaja wageni.

Walikuwa wanawake wa kanisa lake kutoka Ndabibi, waliotaka kumwombea kabla ya tarehe ya daktari. Mama alifurahi kama mtoto. Akaniambia sharti moja tu: asipikiwe chake peke yake. Kitakachokuwa kwenye sahani za wageni ndicho kitakuwa kwenye yake, hataki kukaa kati ya marafiki zake akila chakula cha mgonjwa. Mtu mwenye busara angepika wali, akamwachia mama siku hiyo moja. Mimi nikasema vizuri sana, basi wote watakula koliflawa.

Nilikwaruza tangu asubuhi. Nikapika mchuzi wa nyama, nikapika sukuma, nikakaanga ile koliflawa ikatoka kavu na nzuri, sijawahi kuipika vizuri hivyo. Halafu nikafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kwetu mwenye adabu angefanya. Nilitoa hotipoti kubwa ya kutunza chakula moto, ile ya wageni, nikaijaza mpaka juu, nikakaza kifuniko. Chakula kinatangulia, mgeni anakikuta moto. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa.

Wageni walichelewa, mvua ilikuwa imeharibu barabara ya kwao. Walipofika waliimba. Kisha kila mmoja akatoa salamu zake, na ushuhuda, na maombi ya macho yakafuata, na yalikuwa maombi marefu yasiyosahau hata mtu mmoja wa ukoo. Mimi nilisema amina pamoja nao kwa moyo wote. Ndipo nikaleta hotipoti mezani nikaifungua mbele yao.

Harufu ilitoka kwanza, harufu ya yai lililochemshwa likasahauliwa. Halafu nikaona. Zile chembe zangu zilikuwa zimelegea zote zikashikana, zimelala ndani ya maji ya kijivu. Kijiko cha kupakulia kilizama kikatoa mlio ambao bado nausikia. Mama hakuona lolote, lakini pua yake ilikuwa nzima, nami niliona uso wake ukiinama polepole.

Mmoja wa wageni, mama mpole sana, alisema si neno, hakuna chakula kibaya kilichobarikiwa, akajipakulia kijiko kimoja. Wengine wakamfuata. Heri wangenicheka. Upole wao ulimmaliza mama kuliko matusi.

Walipoondoka aliniita akaniambia nikae. Akasema, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha: "Wametoka Ndabibi kuja kula chakula ya ng'ombe ya Ndabibi. Kwa nyumba ya mtoto wangu. Nirudishe kwangu."

Jumapili ndugu yangu alikuja na pishori yake, mama akaomba apikiwe, ndugu yangu akaupika mwenyewe kwa meko yangu huku akiniangalia kwa huruma. Mama alikula wali siku hiyo, na siku zilizofuata, na koliflawa akaisukuma. Sukari ikapanda ikarudi pale pale tulipoanzia. Tarehe ya daktari ilikuwa inakuja, na kila asubuhi nilipoweka kile kijikaratasi cha damu kwenye mashine ya kupimia sukari nilijua kwamba nikishindwa hapa, mama yangu ataishi miaka iliyobaki akitia kidole kwenye chai. Nilikuwa na hofu, sitajidai. Na nilikuwa na hasira na ile hotipoti kuliko mtu yeyote.

Maana kitu kimoja hakikuniingia akilini. Jioni ile ya wageni, nikiosha vyombo, nilikuta karai likiwa na ukoko kidogo wa koliflawa uliobaki pembeni bila kufunikwa. Niliula kwa vidole. Ulikuwa umepoa, lakini ulikuwa mkavu, chembe moja moja, mtamu. Chakula kilekile, karai lilelile, na kimoja kimenusurika. Nikaamua kuchunguza. Nilinunua kichwa kingine, kijana wa sokoni akanicheka tena, nikakikwaruza, nikakipika, nikakigawa. Nusu ndani ya hotipoti, nusu kwenye sahani wazi. Nikafagia nyumba yote ndipo nikarudi. Ya sahani ilikuwa wali. Ya hotipoti ilikuwa aibu.

Kwetu chakula humngoja mtu. Hiki kinataka mtu akingoje. Kilikuwa kitu kidogo hivyo, na ndicho kilichokaribia kuchukua macho ya mama.

Nilienda nikaketi karibu naye. Nikamweleza yote, hotipoti na mvuke na karai, naye akasikiliza akiwa ameelekeza sikio. Nikamwambia chakula hakikuwa kibaya, mimi ndiye nilikifungia kikaharibika. Akasema hata kama, amechoka, nimpeleke Ndabibi. Nikamwambia, "Mama, nitakupeleka. Gari nitatafuta mimi mwenyewe. Lakini utafika pale ukiona ng'ombe zako kwa macho yako, si kwa kuambiwa. Ukitaka twende kabla ya hapo, itabidi unipige kwanza."

Mama huniita mami, kwa sababu nimebeba jina la mama yake, na kwetu aliyebeba jina ni kama mwenyewe amerudi. Alisema, "Mami, wewe ni mtu mbaya." Kisha akasema, "Sasa nitakaa nikingoja chakula kama askari jela?"

Nikamwambia hapana, utaomba.

Tuliafikiana hivyo. Mama yangu haanzi kula bila kuomba, na maombi yake hayajawahi kuwa mafupi. Zamani tuliomba chakula kikiwa mezani kinapoa. Sasa nikawa naweka karai motoni ndipo namwambia aanze. Anaomba akiwa mezani, mimi nakoroga nikiwa jikoni mlango wazi, nasikia amefika kwa wajukuu, najua ni wakati wa kitunguu kuiva, anafika kwa wagonjwa na wasafiri, natia koliflawa. Akianza kushukuru kwa mvua natia chumvi. Amina yake na sahani yangu vinafika mezani pamoja. Siku nyingine alikuwa anamaliza haraka kwa njaa, nami namwita kutoka jikoni nikimkumbusha kwamba hajaiombea serikali.

Aliila. Hakuisifu, aliila.

Kilichobaki ni ndugu yangu. Jumapili iliyofuata nilimngojea getini. Alishuka na mfuko wake kama kawaida, na kabla hajafika mlangoni nikamwambia aurudishe ndani ya gari. Alidhani natania. Nikamwambia mchele hautaingia kwangu mpaka mama apasuliwe, na kama anataka kumletea kitu amletee mayai, amletee samaki, amletee mwenyewe aketi naye. Akaniambia ninamnyima mama raha ya uzee. Nikamwambia raha ya uzee ni kwenda choo bila kushikwa mkono, na kwa vile hajawahi kumpeleka, hajui. Hilo lilimchoma. Alirudisha mfuko, akaondoka bila hata kuingia, na mimi nikabaki getini nikijuta ukali wangu lakini si maneno yangu.

Alikaa wiki hiyo bila kupiga simu. Iliyofuata akaja na mayai, hakunisalimia, akaketi na mama mpaka jioni.

Tukaenda kwa daktari sote watatu, mimi nimekunja mikono kama mtu anayesubiri hukumu. Walimpima mama, wakapima tena. Daktari akasema sukari imeshuka vya kutosha, wataanza na jicho moja, lile bovu zaidi. Ndugu yangu alinigusa bega, akatoka nje kidogo, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Hatukusemezana juu ya mchele tena, wala siku hiyo wala baadaye.

Siku ya kutolewa bandeji tulikuwa chumba chenye dirisha kubwa. Muuguzi aliitoa taratibu, akalisafisha jicho, akamwambia alifungue pole pole. Mama alilifungua, machozi yakatoka, akalifunga, akalifungua tena. Aliangalia dirisha. Akaangalia mikono yake, mbele na nyuma. Alimwona ndugu yangu akamwambia amenona, duka linamlisha vizuri, tukacheka sote hata muuguzi.

Kisha akageuka kwangu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa neno lolote, hata kwa asante, ingawa si mtu wa asante. Hakucheka. Aliniangalia uso wote, akaangalia nywele, akaangalia shingo na nguo ilivyonining'inia, polepole. Jicho moja lile jipya lilikuwa halitoki kwangu.

"Mami," akasema, "umeisha hivi? Na wewe nani alikuwa anakupikia?"

Nilifungua mdomo nimjibu, kwa sababu mimi huwa nina jibu. Nikatafuta chakula changu cha mwisho nilichokula nikiwa nimekaa chini, na sikukikumbuka.